Fahamu Maneno ya Vyombo vya Majini na Matumizi Yake kwa Wakazi wa Ngara na Biharamulo

Lori linalotoka Bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda hupita Isaka, Nyakanazi na Lusahunga kabla ya kufika Rusumo, wilayani Ngara. Dereva wake hushika usukani, hubeba shehena, na kabla ya kuvuka mpaka husimama forodhani. Maneno yote matatu yana asili ya chomboni. Usukani ulikuwa ubao wa nyuma ya jahazi kabla haujawa gurudumu la kuongozea gari. Shehena ilikuwa mzigo wa merikebu. Forodha, kwa asili yake ya Kiarabu, ilikuwa mahali pwani ambapo vyombo hufika na kushusha mizigo. Leo forodha imekaa ukingoni mwa Mto Kagera, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka baharini, na hakuna anayeshangaa.

Hali ni hiyo hiyo katika stendi ya mabasi ya Biharamulo, ambako msafiri huitwa abiria. Neno hilo limetokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuvuka, na katika Kiswahili kuabiri bado ni kusafiri kwa chombo cha majini. Rubani, anayefahamika leo kwa kuendesha ndege, alikuwa mtu wa kuongoza merikebu kwenye njia salama ya maji. Mkazi wa wilaya hizi mbili, kwa hiyo, hutumia lugha ya mabaharia kila siku bila kuifikiria.

Maneno yaliyopungua katika mazungumzo ya kila siku ni yale ya chombo chenyewe: sehemu zake, mwendo wake na hatari zake. Hayo ndiyo yanayotokea katika matangazo ya usalama wa majini, katika ilani za hali ya hewa na katika taarifa za ajali. Mwananchi asiyeyaelewa huweza kusoma tangazo lote na asipate jambo linalomhusu. Makala haya yanayaeleza, na kutenganisha yale ambayo msafiri wa mtoni na ziwani anayahitaji na yale ya baharini pekee.

Maji ya Ngara na Biharamulo

Ngara ni wilaya ya mito. Mto Ruvubu, ambao wengi upande wa Tanzania huuita Ruvuvu, huingia kutoka Burundi na kukutana na maji yanayotoka Rwanda karibu na Maporomoko ya Rusumo. Kutoka hapo Mto Kagera huelekea kaskazini ukiwa mpaka wa Tanzania na Rwanda, na mwisho humwaga maji yake Ziwa Victoria. Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia katika ziwa hilo.

Biharamulo ilikuwa na uhusiano wa karibu zaidi na ziwa kuliko ramani ya leo inavyoonyesha. Chato ilikuwa sehemu ya Biharamulo hadi ilipofanywa wilaya mwaka 2005, na bandari ya Nyamirembe ikaenda nayo. Mwaka 2012 Chato ikahamia Mkoa mpya wa Geita. Upande wa kaskazini liko Ziwa Burigi, ambalo sasa limo katika Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato iliyoanzishwa mwaka 2019, hivyo shughuli za vyombo na uvuvi humo hufuata taratibu za hifadhi. Aidha, wakazi wanaosafiri kwenda Mwanza kupitia Geita na Sengerema walilazimika kwa miaka mingi kupanda kivuko kati ya Busisi na Kigongo, hadi Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 lilipozinduliwa tarehe 19 Juni, 2025.

Lugha za eneo hili zina neno lao la kale la chombo. Kirundi na Kinyarwanda husema ubwato, Kihaya obwato, na ng'ambo ya ziwa Luganda husema eryato. Ni neno moja lenye mzizi wa Kibantu. Kiswahili Sanifu, kilichojengwa juu ya lahaja ya Unguja kuanzia mwaka 1930, hakikulichukua. Kilichukua msamiati wa pwani, ambao kwa sehemu kubwa uliletwa na biashara ya Bahari ya Hindi: bandari na nahodha kutoka Kiajemi, gati kutoka India, bendera kutoka Kireno. Meli ni neno la Kiingereza lililotokana na merikebu za kubeba barua. Lakini kafi, kijiti kipana cha kupigia maji, ni la Kibantu, na ni ndugu wa enkasi ya Luganda. Mvuvi wa Kagera na mvuvi wa Pemba wanakutana hapo.

Aina za vyombo

Mtumbwi, kwa maana yake ya asili, ni gogo moja lililochongwa na kutobolewa kwa tezo. Katika Ziwa Victoria neno hilo limepanuka. Mtumbwi wa ziwani mara nyingi hujengwa kwa mbao, huwa na mkuku, hufungwa mashine nyuma na huweza kubeba watu wengi pamoja na mizigo yao. Tofauti hiyo si ndogo. Mtu wa Tanga akisikia katika taarifa ya habari kwamba mtumbwi umepinduka ziwani, huwaza wavuvi wawili. Anayeishi Muleba au Chato hujua kwamba huenda ni familia kadhaa zilizokuwa zikirudi kutoka mnadani.

Ngalawa ni mtumbwi uliowekewa ndubi, yaani miti inayoelea ubavuni, huku na huku, ili usilale upande. Haionekani Kagera. Dau ni chombo kidogo cha mbao kilichochongoka mbele na nyuma, mashua ni kikubwa kuliko dau, na jahazi ni kikubwa zaidi, chenye tanga la pembetatu na uwezo wa kuvuka bahari. Wa kale kuliko hivyo ni mtepe, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja. Majina haya mwananchi wa bara huyakuta zaidi katika vitabu vya shule na katika methali.

Kivuko ni neno lenye kazi mbili: ni mahali pa kuvukia, na pia ni chombo kinachovusha watu na magari. Wengi huita chombo hicho pantoni. Katika matangazo ya Serikali kivuko ndilo neno rasmi, na vivuko vya umma vinasimamiwa na Wakala wa Ufundi na Umeme Tanzania (TEMESA). Msomaji anapokuta maneno "kivuko kimesitisha huduma" aelewe kwamba ni chombo kilichosimama, si kwamba njia imefungwa kwa vyombo vingine. Hilo lingetajwa peke yake.

Mahali ambapo vyombo vya uvuvi hufika nchi kavu huitwa diko katika pwani. Katika maziwa huitwa mwalo, kwa wingi mialo, na ndilo linalotumika katika taarifa za sekta ya uvuvi. Gati ni jukwaa lililojengwa ili chombo kijiegeshe ubavuni mwake; kila bandari ina gati, ila mialo mingi haina.

Kutoka omo hadi ngamani

Mbele ya chombo ni omo, nyuma ni tezi au shetri. Uti wa mgongo wake, mti mrefu unaopita chini kutoka mbele hadi nyuma, ni mkuku. Kutoka kwenye mkuku hupanda mataruma, ambayo ni mbavu za chombo, na juu ya mataruma hupigiliwa mbao. Mti unaosimama mbele kuyapasua maji ni hanamu. Ule wa nyuma, unaobeba usukani, ni fashini. Mkono wa kuzungushia usukani huitwa kana.

Nafasi kati ya ubao na ubao huzibwa kwa pamba iliyopakwa mafuta, kazi inayoitwa kukalafati. Hata hivyo hakuna chombo cha mbao kisichoingiza maji kabisa. Maji hayo hujikusanya chini kabisa, katika sehemu iitwayo ngama, na baharia huyatoa kwa upo, yaani chombo cha kuchotea, kazi inayoitwa kukumba maji. Wanaosema kwamba kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani wanatumia ukweli huo: mtu azunguke mbele na nyuma atakavyo, mwisho hushuka chini kukumba maji.

Kwa abiria, ngama ndiyo sehemu ya kutazama kwanza. Mtumbwi wa abiria ambao maji ya ngamani yamefika kwenye miguu ya watu kabla haujaondoka mwaloni unavuja kuliko unavyokumbwa, na mzigo ukiongezwa utashuka zaidi. Hakuna utaalamu unaohitajika kuliona hilo.

Farumi ni uzito unaowekwa chini ya chombo kitupu, kwa kawaida mawe au mchanga, ili kitulie majini. Neno hili limesahaulika hata katika baadhi ya mialo, lakini kanuni yake ndiyo inayofanya magunia yapangwe chini na katikati, si juu wala upande mmoja. Uzito ukiwa chini, chombo kikiinama hurudi. Ukiwa juu, kikiinama huendelea.

Nanga inafahamika na wote. Kamba au mnyororo wake ni amari. Kutia nanga ni kusimama, kung'oa nanga ni kuondoka, na maneno hayo mawili hutumika hata kwa mikutano na ziara za viongozi.

Nguvu ya kusukuma

Penye maji ya kina kifupi na matete mengi, chombo husukumwa kwa pondo, mti mrefu unaokitwa chini ya maji. Penye kina hutumika kafi, ambayo hushikwa kwa mikono bila kufungwa popote, au kasia, ambayo ni ndefu na hutegemezwa ubavuni mwa chombo. Tofauti ya kupiga kafi na kuvuta makasia huonekana kwa macho: mpiga kafi hutazama aendako, mvuta makasia kwa kawaida huketi akiipa mgongo njia.

Chombo cha tanga kina mlingoti, ambao ni mti wa kusimama, na foromali, ambao ni mti wa kulala unaobeba tanga. Kupandisha tanga ni kutweka. Kulishusha ni kutua. Kamba inayolizuia au kulilegeza tanga kulingana na upepo ni demani, na upande wa chombo usiokabili upepo huitwa demani pia. Upande unaokabili upepo ni joshi. Kwenda joshi, basi, ni kwenda kwa kukaribiana na upepo wa mbele, jambo linalohitaji tanga zuri, mkuku mzuri na nahodha hodari. Chombo kisichoweza kwenda moja kwa moja hubisha, yaani hukata upande huu kisha upande ule hadi kifike.

Maelezo hayo yanafungua methali ambayo kila mwanafunzi nchini huikariri: dau la mnyonge haliendi joshi. Wanafunzi wengi wa bara hufundishwa kwamba maana yake ni kuwa maskini hafanikiwi, na huishia hapo. Methali inasema jambo mahsusi zaidi. Dau la mnyonge halikatazwi kusafiri. Linakwenda vizuri pale tu upepo unapolisukuma kutoka nyuma. Kinachokosekana ni vifaa vya kukabili upepo wa mbele.

Kuhusu upepo wenyewe, kaskazi na kusi ni pepo kuu za pwani, na majina hayo hutumiwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) katika utabiri wake. Maneno bamvua na maji mafu, yanayohusu kupwa na kujaa kwa bahari, hayamhusu mkazi wa Kagera, kwa kuwa mito na maziwa hayapwi kama bahari. Umande ni neno la kuangalia: bara ni unyevu wa alfajiri kwenye majani, pwani ni pia upepo wa asubuhi unaotoka nchi kavu. Ziwa Victoria lina upepo wa namna hiyo. Usiku na alfajiri hewa huelekea ziwani kutoka nchi kavu, na mchana hugeuka. Anayeondoka mwaloni alfajiri akiwa na upepo mgongoni hapaswi kudhani kwamba maji ya saa nane mchana yatakuwa yale yale.

Kwenda mrama, kupinduka na kuzama

Chombo kinachoyumba kutoka ubavu mmoja hadi mwingine kinakwenda mrama. Katika ofisi na katika siasa usemi huu umekuwa na maana ya mambo kuharibika, lakini majini maana yake ni moja na ni ya dharura. Mrama huongezwa na abiria wanaosimama au kukimbilia upande mmoja, na ndiyo sababu mabaharia huwaamuru watu kuketi.

Kupinduka ni chombo kugeuka juu chini. Kuzama ni kwenda chini ya maji. Taarifa nyingi za wananchi huyachanganya maneno haya, na mchanganyiko huo huathiri uokoaji. Kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, kilipinduka tarehe 20 Septemba, 2018, kikiwa kimekaribia gati la Ukara wilayani Ukerewe. Zaidi ya watu 220 walipoteza maisha. Kwa kuwa kilipinduka bila kuzama kabisa, hewa ilibaki ndani yake, na fundi mmoja aliokolewa akiwa hai takriban siku mbili baadaye. Meli ya MV Bukoba, iliyoondoka Mkoa wa Kagera na kupatwa na ajali karibu na Mwanza tarehe 21 Mei, 1996, nayo ilipinduka kwanza, kisha ikazama na mamia ya watu. Familia nyingi za Kagera zinaikumbuka tarehe hiyo bila kutazama kalenda.

Maneno mawili ya vifaa yanahitaji kutenganishwa. Boya ni kitu kinachoelea, ama kuonyesha njia au nyavu, ama kumrushia mtu aliyeanguka majini. Jaketi okozi ni vazi, na huvaliwa kabla ya chombo kuondoka. Wengi huliita vazi hilo boya, na tangazo linaposema kila abiria awe na boya, baadhi huridhika kuliona limetundikwa ukutani. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017, ndilo linalosimamia usalama wa vyombo vya usafiri majini, vikiwamo vidogo vya maziwani.

Jina la Rusumo na meli ya Kigoma

Wakazi wa Ngara wana uhusiano mwingine na vyombo usiotajwa mara nyingi. Mwaka 1894 Gustav Adolf von Götzen, afisa wa Kijerumani ambaye baadaye alikuwa gavana wa koloni, aliingia Rwanda kwa kuvuka mto pale Rusumo. Meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ilipewa jina lake, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 ili isitekwe. Ikaibuliwa, ikakarabatiwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina linalofahamika na Watanzania hadi leo.

Kutoa taarifa ya ajali ya majini

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupokea simu za dharura kwa namba 114, na Polisi kwa namba 112. Mtoa taarifa ataje kwanza mwalo, kivuko au kijiji kilicho karibu, na aseme ni upande upi wa mto, kwa kuwa ukingo mmoja wa Kagera uko Tanzania na mwingine ni nchi jirani. Kisha ataje aina ya chombo: mtumbwi wa gogo, mtumbwi wa mbao wenye mashine, boti au kivuko. Aeleze kama chombo kimepinduka na bado kinaelea, kimezama, au kinakwenda mrama bila mashine. Aseme kinaelekea wapi kwa mkondo wa maji. Idadi ya watu itajwe kama inavyojulikana, pamoja na watoto, ambao mara nyingi huachwa katika hesabu za chomboni kwa sababu wamepakatwa.